Sufuria Ishirini na Mbili za Mama Pélagie

Ijumaa, saa mbili za asubuhi, Inspekta Kalenga alimwomba mlinzi wa parke, ofisi ya mashtaka, amfungulie kasho, seli ya wanawake. Ndani mlikuwa na mtu mmoja tu. Karatasi za serikali zilimwita Sitwayene Kyungu, yaani Raia Kyungu, maana miaka ile ya Zaire majina ya ubatizo hayakuandikwa kwenye karatasi. Mtaa mzima wa Kataki ulimwita Mama Pélagie, mshonaji, na tangu wiki tatu, mjane.

Alikuwa ameketi sakafuni, kikwembe cheusi kimemfunika kichwa, rozari imezungushwa kwenye kidole gumba.

"Mama, umeamkaje?"

"Tunamushukuru Mungu, Papa Inspekta. Watoto wamekula?"

"Wako kwa jirani yako, Mama Adrienne. Nimepita pale sasa hivi. Wanakunywa uji."

Kalenga alipindua ndoo, akaikalia, akafungua faili juu ya magoti.

"Nisikilize vizuri. Marehemu Basile aliacha deni la motere ya mtumbwi. Wisie wa tribunali alikuja kwako siku ya tano ya kilio, akaandika vitu vya kukamata, akaviacha nyumbani mpaka siku ya kuviuza. Hapa kuna alama ya kidole chako. Maana yake wewe ndiye mlinzi wa vitu hivyo. Jumatano wisie karudi na lori, cherehani haipo. Sheria inaita hiyo kuficha kitu kilichokamatwa. Ni gereza, Mama."

"Nilielewa waliponisukuma humu."

"Cherehani iko wapi?"

"Sijui."

"Nani aliitoa nyumbani?"

"Papa, mimi nilikuwa chumba cha ndani, juu ya mukeka. Mjane wa kwetu hatoki, haulizi nani anaingia na nini, nani anatoka na nini. Waliniletea karatasi mule ndani, wakanishika mukono, nikaweka kidole. Siku ile hata wangeniletea karatasi ya kuuza watoto wangu, ningeweka."

"Lakini unamdhania mtu."

Rozari ilisogea punje moja.

"Unamwogopa nani?"

"Nina watoto watatu. Na watoto wana ukoo wa baba yao." Alipandisha macho kwa mara ya kwanza. "Hilo usiandike, Papa."

Kalenga hakuliandika. Alitazama saa yake.

"Substitut, naibu wa prokireri wa mashtaka, anapanda boti ya Moba saa kumi leo. Karatasi ya kukupeleka gerezani iko juu ya meza yake. Nisipomletea jambo jipya kabla hajaondoka, ataitia sahihi, na kule Moba anakaa mwezi mzima. Hakuna mwingine wa kuifungua faili hii."

"Basi nenda, Papa," alisema Mama Pélagie. "Usikae na mimi hapa."

*

Wisie aliitwa Sitwayen Mujinga. Alikuwa ametoka Lubumbashi mwezi wa pili mwaka ule, na suti yake ya abakosi ilikuwa na mkunjo wa pasi hata saa za joto. Watu wa mtaani walimwogopa kuliko askari, kwa sababu askari anaweza kusahau. Alitoa orodha yake, akaigeuza upande wa Kalenga kwa vidole viwili.

"Soma mwenyewe. Sijaongeza, sijapunguza."

Kalenga alisoma. Sufuria ishirini na mbili. Beseni tisa. Viti thelathini. Cherehani moja ya miguu, barazani, kibati cha namba 41706.

"Sheria inasema nini juu ya vitu visivyokamatwa?"

Mujinga alivitaja bila kufungua kitabu. "Kitanda cha mdeni na cha watoto wake. Nguo za mwilini. Chakula cha mwezi mmoja. Vyombo vya jikoni ambavyo nyumba haiwezi kukaa bila hivyo. Na chombo cha kazi ya mikono inayomlisha. Hivyo hata Rais wa Tribunali hawezi kuvigusa."

"Na sufuria za mjane mwenye watoto watatu?"

"Nyumba ya watu wanne haipiki na sufuria ishirini na mbili, Inspekta. Hizo ni biashara."

"Viti thelathini?"

"Baa bila kibali."

Kalenga aliziba kicheko kwa mkono, kisha akauondoa. "Na cherehani? Mama Pélagie ni mshonaji. Chombo cha kazi hicho."

"Hapo umefika mahali nilipofika mimi." Mujinga aliinua kidole. "Niliikuta barazani. Aliyekuwa akiishonea alikuwa mwanamke mwingine. Nikauliza mbele ya watu wote: mjane anashona? Wakajibu kwa sauti moja: hapana, mjane hashoni. Nikaandika: si chombo cha kazi yake. Ningefanya nini?"

"Jumatano uliporudi na lori, ulikuta sufuria ngapi?"

"Tano."

"Viti?"

"Vinne."

"Na hukuandika kwamba sufuria kumi na saba zimepotea?"

"Mtu akiiba cherehani, wewe utamfuatia sufuria?" Mujinga alikunja orodha. "Mdai anataka cherehani. Ndiyo yenye bei. Na mimi nataka kujua nani alinifanya mjinga."

"Usiondoke biro leo," alisema Kalenga. "Huenda nikakuhitaji."

"Mimi siondoki kamwe," alisema Mujinga.

*

Nyumba ya Mama Pélagie ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na baraza ya sementi mbele. Ndani sakafu ilikuwa ya udongo uliopigwa. Kalenga aliingia peke yake. Chumba cha mbele hakikuwa na kitu. Cha pili kilikuwa na viti vinne, sufuria tano na beseni moja. Chumba cha kulala kilikuwa na mkeka tu.

Alisimama katikati ya chumba cha kulala. Orodha ya wisie haikutaja kitanda. Ilikuwa sawa, kitanda hakikamatwi. Lakini kitanda kilikuwa wapi?

Alirudi chumba cha mbele. Chini ya dirisha palikuwa na jamvi jipya lililotandikwa pasipo na mlango wala njia. Alilifunua. Udongo ulikuwa na vishimo vinne vidogo, vya duara, vilivyokaa kama miguu ya meza, vimekomaa na kung'aa. Katikati yake sakafu ilikuwa imelika pale visigino vya mtu vilipokaa miaka na miaka. Kalenga alitoa uzi mfukoni, akapima kutoka kishimo hadi kishimo, akafunga fundo.

Alipotoka, Mama Adrienne alikuwa amesimama kwenye ua wake, upande wa pili wa uzio wa matete, anachagua ndagala kwenye ungo. Mwanamke mnene, mwenye sauti. Watoto wa Pélagie walikuwa nyuma yake. Naye, kama nusu ya wanawake waliopita njiani asubuhi ile, alivaa blauzi ya kitambaa kimoja cha kilio, bluu ya giza yenye majani meupe.

"Mama Adrienne, wewe njo ulisimamia jiko la kilio?"

"Mimi. Siku saba. Mpaka leo mugongo haujarudi mahali pake."

"Cherehani ya Pélagie iko wapi?"

Mkono uliokuwa unachagua ndagala ulisimama, kisha ukaendelea haraka kuliko mwanzo.

"Mimi niko mutu wa jiko, Papa. Mambo ya mashini sijui."

"Hukuona kitu kikitoka?"

"Vitu vilitoka vingi." Alitazama uzio, akatazama watoto, akashusha sauti. "Nenda kaulize kwa mama-mkwe wake. Mama Philomène. Siku ya saba, ya kuondoa kilio, alikuja na watu wanasukuma pusupusu. Walifunga kitu ndani ya blanketi, cha chuma, miguu inatoka nje. Mimi sijasema. Nimesema nini? Sijasema kitu."

"Cha miguu mingapi?"

"Nilihesabu miguu? Nilikuwa na bukari motoni!"

*

Mama Philomène alikaa Lubuye. Kalenga alifika huko saa tano na nusu, shati limemganda mgongoni. Mwanamke mkongwe, mwembamba, amenyolewa nywele kwa ajili ya mwanawe, alimtazama akipanda ngazi bila kumkaribisha.

"Umekuja kunifunga na mimi? Anza na kuniletea kiti, nimechoka kusimama."

"Mama, siku ya kuondoa kilio ulitoa kitu cha chuma kwa Pélagie."

"Nilitoa."

"Kiko wapi?"

Alimwongoza ndani. Blanketi lilikuwa bado limefunika. Kalenga alilivuta kwa mikono miwili. Chini yake palikuwa na kitanda cha chuma, vichwa viwili vyenye nakshi, miguu minne.

"Mwanangu alizaliwa juu ya kitanda hiki," alisema Mama Philomène. "Nilimupa siku aliyooa. Amekufa, kimerudi. Ukoo wetu unafanya hivyo. Ulitaka kilaliwe na mwanaume mwingine?"

"Watoto wa mwanao wanalala wapi?"

"Pélagie njo alikutuma?"

"Pélagie hakukutaja. Nilimuuliza anamwogopa nani, akaniambia nisiandike. Anaogopa utachukua watoto."

Mkongwe aliketi juu ya chuma tupu cha kitanda.

"Hakunitaja?"

"Hakukutaja. Na sheria ya nchi, Mama, hata wisie mwenyewe haruhusiwi kuchukua kitanda cha wana wa mdeni. Mdai hakukigusa. Wewe njo umekigusa."

Kalenga alitazama saa. Saa sita kasoro robo. Aliomba maji, akanywa akiwa amesimama, akaondoka. Nyuma yake mkongwe alikuwa bado juu ya kitanda, mikono katikati ya magoti.

*

Alishuka mteremko kwa miguu, na njiani alipishana na wanawake watatu waliobeba maji, wote na blauzi ya bluu yenye majani meupe. Aliwapita, kisha akageuka. Blauzi tatu zilikuwa na mshono mmoja begani, uzi mmoja mweupe. Alirudi Kataki karibu akikimbia.

"Mama Adrienne. Hiyo blauzi, ilishonwa lini?"

"Ya kilio? Siku ya tatu, ya nne, ya tano. Tulinunua kitambaa pamoja."

"Ilishonwa wapi?"

"Pale barazani..."

"Mjane hashoni. Mulimwambia wisie mwenyewe."

"Si kweli? Kwa ukoo wa Basile, mjane hashiki sindano wala makasi mpaka aogeshwe siku ya arobaini. Akishona, wanasema anashona kaburi ya mutu mwingine. Sasa nguo za watu thelathini, nani angeshona? Mama Générose wa chumba cha ushonaji cha parokia alikuja na mashini yake, kwa..." Alijiziba mdomo.

"Kwa pusupusu," alimalizia Kalenga. "Mama, lete sufuria yako moja."

"Sufuria?"

"Lete."

Aliileta. Kalenga aliipindua. Chini ya masizi palikuwa na vitone vitatu vilivyopigwa kwa msumari. Alikwenda nyumbani kwa Pélagie, akarudi na zile tano, akazipindua moja moja juu ya jamvi. Zote zilikuwa na mkato mmoja wa tupa kwenye sikio.

"Alama ya Pélagie njo hiyo mukato," alisema Mama Adrienne, na sauti ikamrudia. Juu ya sufuria hakuwa na woga. "Kila mama iko na yake. Mimi vitone. Mama Christiane anaweka rangi nyekundu. Usipoweka alama, unapeleka sufuria nzuri kwenye kilio, unarudi na yenye tundu. Siku ya kuondoa kilio tunapindua zote, kila mutu anatwaa yake."

"Kila mtu alitwaa chake siku hiyo. Na viti. Na Mama Générose?"

"Na Mama Générose alitwaa yake," alisema Mama Adrienne polepole. "Yesu Maria. Ile mashini ya karatasi?"

"Ile. Wisie aliandika kilio chenu chote kuwa mali ya mjane."

"Na sisi tulimuona akiandika! Tulidhani anahesabu watu wa kula. Nilitaka hata kumupa sahani."

Chumba cha ushonaji cha parokia hakikuwa mbali. Mama Générose, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakuelewa kwa nini mtu anapiga magoti mbele ya cherehani yake. Kibati kilikuwa chini ya mkono wa mashine: 41706. Kalenga aliandika namba, akamwomba aweke sahihi. Kisha akatoa uzi wenye fundo, akapima miguu.

Uzi ulipungua kwa vidole vitatu.

Akapima tena. Vidole vitatu. Mashine hii haikusimama kamwe chini ya dirisha la Pélagie.

*

Saa nane na nusu walikuwa wote kwenye ua wa Mama Adrienne. Kalenga alikuwa ametia sahihi yake kwenye daftari la parke ili amtoe Mama Pélagie mpaka saa kumi. Akitoroka, yeye Kalenga ataingia kasho badala yake. Sitwayen Mujinga alipindua sufuria ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliletewa na za majirani. Alisoma namba iliyothibitishwa na Mama Générose. Alitoa kalamu, akakata sufuria kumi na saba, beseni nane, viti ishirini na sita, na cherehani, na kando ya kila mstari akaandika herufi za jina lake.

"Nimekosea," alisema. "Nitaandika kwamba nimekosea. Kitu kilichokamatwa hakikufichwa, kwa sababu hakikuwa chake. Chukua, umpelekee substitut."

Mama Adrienne alipiga makofi. Pélagie alifunga macho. Mujinga hakuachilia karatasi.

"Swali moja la mwisho, na ninaliandika. Mjane ana cherehani nyingine?"

Kalenga alikuwa na uzi mfukoni. Mama Adrienne alimtazama kwa macho yaliyomwomba wazi.

"Chini ya dirisha lake kuna vishimo vinne," alisema Kalenga. "Vya zamani. Mashine ya Mama Générose haiingii humo. Iko nyingine. Mama Adrienne, ilete."

"Papa Kalenga! Wewe ulikula kwangu!"

"Nikinyamaza mimi, mdai ataikuta mwaka huu au ujao, na hapo ndipo atakuwa ameificha kweli. Ilete."

Waliitoa chumba cha mbuzi, chini ya mikeka miwili. "Niliificha siku ya kwanza ya kilio, ukoo usiitwae," alisema Mama Adrienne. Mujinga aliifunua. Aliinama, akatazama, na uso wake ukabadilika, si kwa furaha.

"Haina sindano. Mkanda umetolewa. Imefunikwa kwa mikeka."

"Ni kwa sababu ya kilio," alisema Kalenga. "Ni chombo cha kazi yake. Uliza mtaa mzima."

"Mtaa mzima uliniambia mjane hashoni. Leo nikiandika anashona kwa sababu mtaa umebadili neno, kesho mdai ataleta avoka, na avoka atasema: Wisie, wewe uliona nini?" Alijifuta jasho. "Mimi ninaandika ninachoona, Inspekta. Ninaona cherehani isiyo na sindano, ambayo mwenyewe haigusi. Hicho ni kitu cha kuweka, si chombo cha kazi. Kinakamatwa. Kama anashona, ashone. Nitaandika."

Saa tisa na dakika tano.

Mama Pélagie alitazama cherehani, kisha mikono yake. "Siwezi," alisema. "Bado siku kumi na tisa."

"Mama," Kalenga alisema, "bila mashine hii utawalisha na nini?"

"Siwezi, Papa. Nikishona, ukoo utasema njo mimi nilimuua. Watakuja kuchukua watoto, na watu watawapa haki. Afadhali achukue mashini."

"Hata mistari miwili?" alisema Mujinga, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Hata tundu moja la sindano."

Hapo pusupusu ilisimama njiani. Juu yake kulikuwa na kitanda cha chuma, na nyuma yake Mama Philomène, viatu mkononi, miguu imejaa vumbi la Lubuye. Wanawake walimpisha. Pélagie alipiga magoti. Mkongwe aliwatazama mmoja mmoja, mwisho akaitazama cherehani iliyo wazi.

"Nani aliitoa nje?"

"Mimi," alisema Kalenga, na kwa maneno machache alimweleza neno la wisie.

Mama Philomène alimsogelea Mujinga mpaka wakakaribia kugusana.

"Wewe njo unahesabu sufuria za watu?"

"Ndiyo, Mama. Nilikosea."

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko Lubumbashi."

"Akifa, nitakuja kuhesabu." Akamgeukia mkwewe. "Pélagie. Nani amekufa?"

"Basile, Mama."

"Alikuwa mutoto wa nani?"

"Wako."

"Basi kilio hiki kina mwenyewe. Adrienne, leta maji kwenye beseni. Safi, si ya ndagala."

Maji yalikuja. Mkongwe aliketi chini, akashika mikono ya mkwewe, akaiingiza ndani mpaka kwenye viwiko. Aliiosha taratibu, kidole kwa kidole, kama anavyooshwa mtoto mchanga, midomo yake ikisema Salamu Maria. Kilemba cheusi hakukigusa. Alipomaliza aliikausha kwa kikwembe chake mwenyewe.

"Nimefungua mikono," alisema kwa sauti ya kusikiwa na uzio mzima. "Mikono tu. Kichwa na mwili viko kilioni mpaka siku arobaini. Na mikono ni mpaka jua lizame. Mutu wa ukoo wetu akiuliza, aje Lubuye."

Mama Pélagie alinyanyuka. Alifungua kisanduku cha mashine, akatoa sindano iliyochomekwa kwenye kipande cha flaneli, akaifunga mahali pake. Akarudisha mkanda. Mama Adrienne aliingia ndani mbio, akatoka na furushi la nguo za wateja zilizokatwa kabla Basile hajafa: mashati ya shule, blauzi, suruali moja ya katekista. Mguu uliminya. Gurudumu lilikwama, likakwama tena, likazunguka.

Mujinga aliinama juu ya kitambaa mpaka pua ikakaribia sindano. Alitazama mshono mmoja mpaka mwisho. Alikaa juu ya ndoo, akaandika, akasoma alichoandika: "Cherehani ya pili. Nimeiona ikishona mikononi mwa mwenyewe. Chombo cha kazi. Haikamatwi." Akatia sahihi, akagonga muhuri juu ya goti. "Kitanda pia. Nitaandika kwamba nimekiona kikirudi. Kimbia, Inspekta. Chukua baiskeli yangu."

*

Substitut alikuwa tayari kwenye gati, mkoba mkononi, mguu mmoja kwenye ubao wa boti. Kalenga alitupa baiskeli chini.

"Sitwayen Substitut! Faili ya mjane wa Kataki."

"Kalenga, saa kumi na dakika mbili."

"Boti bado imefungwa kamba."

Substitut alisoma akiwa amesimama, abiria wakimpita na kuku na magunia ya mihogo. Alirudi ukurasa wa kwanza. Alifika wa mwisho, akakunja uso.

"Hapa wisie anasema aliona mjane akishona. Mke wangu ni wa huku. Walimwondolea kilio kwa ajili ya karatasi?"

"Mikono tu, Sitwayen Substitut."

"Mikono tu?"

"Mama-mkwe mwenyewe aliiosha. Mpaka jua lizame."

Mtu wa boti alipiga kelele. Substitut alitazama faili, akamtazama Kalenga, akachomoa kalamu.

"Geuka."

Kalenga aligeuka, akainamisha mgongo. Alihisi kalamu ikipita katikati ya mabega yake, mara moja kwenye karatasi ya kumfungua Pélagie, kisha akasikia ile ya gereza ikitolewa mkobani na kuchanwa vipande viwili.

Alipanda kilima akisukuma baiskeli, kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa umekataa kukanyaga. Alipoingia ua wa Mama Adrienne jua lilikuwa limeshuka juu ya paa za upande wa pili. Wisie alikuwa hajaondoka; alikuwa anakunja mashati yaliyokwisha, mkunjo kwa mkunjo, kama karatasi za tribunali. Mama Philomène alikata nyuzi kwa meno. Furushi lilikuwa limebaki robo.

"Mama Pélagie," alisema Kalenga, akiinyoosha karatasi mbele yake. "Amesaini. Uko huru. Hakuna gereza, na mashine hakuna wa kuigusa."

Mguu haukuacha kuminya. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, yakadondokea kwenye mkono wa shati la shule, na sindano ikapita juu yake.

"Mungu akuzidishie, Papa," alisema. "Lakini sogea kidogo. Unanizibia mwanga."